Nilivyomkaribisha Marehemu Wali

Wanangu mnaotia Kiswahili kwenye filamu za watu, kabla hamjanicheka kwa kuwa sijui kuwasha hizo kompyuta zenu, nataka mjue kwamba mimi, Somoe binti Rashidi, niliwahi kumkaribisha marehemu wali mbele ya ukumbi uliojaa watu. Nilimwambia ale upesi kabla haujapoa, na watu wakacheka mpaka mabati yakatetemeka.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Rehema alinileta kwenye studio yenu pale Msamala. Mlinipokea vizuri, shikamoo zikawa nyingi mpaka nikachoka kuitikia, mkanipa kiti chenye magurudumu kilichotaka kuniangusha. Kisha nikawasikia mnabishana. Kwenye kioo kulikuwa na bibi mmoja wa nchi ya mbali, anajifunga kamba mabegani. Mmoja wenu akauliza, "Anafanya nini huyu?" Mwenzake akajibu, "Sijui, weka tu anajiandaa kupigana."

Nilicheka hadi Rehema akadhani nimepaliwa. Maneno hayo hayo niliyasema mimi kwa maiki, kwenye banda la video la Mzee Mapunda kule Mfaranyaki, wakati wengi wenu hamjazaliwa. Nikaona niwasimulie. Mimi nasema, Rehema anaandika, na akikosea ni juu yake.

Sikuanza na maiki. Nilianza na vitumbua, mlangoni pa banda. Nilikuwa nimetoka kwetu Namasakata, Tunduru, nimeacha mikorosho ya baba, na baridi ya Songea ilikuwa inanifundisha adabu. Mfasiri wa banda tulimwita DJ Radi, maana sauti yake ilikuwa ya kutisha hata akiomba chumvi. Siku moja ya Juni baridi ilimkamata koo, sauti ikakauka kabisa. Watu wamejaa ndani, filamu imeshawekwa. Mzee Mapunda akatoka nje ameshika maiki kama aliyeshika nyoka.

"Nani hapa anajua kusema?"

Watu wote walinionyesha mimi kwa kidole. Hakuna hata mmoja aliyesita.

"Mzee, mimi Kiingereza sijui," nikasema.

"Nani amekwambia Radi anajua?"

Basi nikaingia. Na niwaambie ukweli, mchana ule nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Radi alinifundisha ufundi wake kwa ishara, kwa kuwa sauti hakuwa nayo. Tazama midomo: ikifunguka sana ni matusi au mapenzi, uamue mwenyewe. Tazama nyusi. Stelingi, yule shujaa wa filamu, hafi, adui anakufa mwishoni, na katikati hapo ukikwama unasema, "Leo huondoki hapa!" Kabla ya kuanza unakunywa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, si soda, soda itakutia aibu kwenye maiki. Radi alipohamia kwa kaka yake Mbinga, banda likawa langu. Ubaoni Mzee Mapunda aliandika DJ SOMOE kwa chaki nyekundu. Mama yangu alipoletewa habari kule Namasakata aliuliza kama hiyo DJ ni ugonjwa.

Kwa filamu za ngumi ufundi ule ulitosha kabisa. Tatizo lilikuja na Wajapani.

Mzee Mapunda alirudi safari ya Dar es Salaam na CD mpya. Kwenye jalada kuna mwanamke ameshika kisu, nyuma yake mlima. Mzee alikiona kisu. Figili aliyokuwa anaikata yule mwanamke hakuiona. Akaandika ubaoni: LEO SAA TISA. KARATE YA WAJAPANI. VISU NJE NJE. Banda likafurika. Madereva wa bodaboda walikaa hadi kwenye madirisha, na kina mama wa sokoni wakaacha vibanda vyao. Katikati yao tulimkalisha Mama Kilian, muuza dagaa wa Nyasa, ambaye miezi mitatu nyuma alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, huyo Kilian. Tulimburuta aje, achangamke kidogo.

Filamu ikaanza. Dakika ishirini zikapita, hakuna aliyepigwa hata kofi. Kuna mama mtu mzima, mashamba ya chai, na mkwewe, mke wa mwanawe, anayetembea kama anaogopa kuamsha sakafu. Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kudai haki yao. Mara yule mama akachukua kamba, akaizungusha mabegani, akaifunga mikono ya vazi lake nyuma, kwa haraka, kama askari.

"Haya! Haya!" nikapiga kelele. "Mama amekaza! Kazi inaanza! Leo mtu atalala na viatu!"

Ukumbi ukasimama. Yule mama akainama, akavuta bakuli, akaanza kuosha mchele. Akauosha kwa utaratibu, maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu.

"DJ, anapigana na mchele?" dereva mmoja akauliza.

"Anawapoteza maboya," nikajibu.

Wakacheka, nami nikapata nguvu. Akaja mgeni, mzee mwenye kofia, akakaa, wakazungumza. Yule mama akainuka, akamletea bakuli la wali uliomiminiwa chai. Nikasema kwa furaha, "Karibu baba, chakula tele, kula ushibe!" Mgeni akatazama bakuli, akainama, akavaa viatu, akaondoka. "Ana dharau huyu!" nikasema, na ukumbi wote ukamzomea yule mzee wa watu mpaka akatoweka njiani.

Kisha ndipo likaja lile. Yule mama akapakua wali, akaushindilia kwenye kibakuli mpaka ukafanya kichuguu. Akachomeka vijiti viwili vya kulia katikati, vimesimama wima. Akaupeleka mbele ya kabati dogo jeusi lenye milango wazi, akakaa chini. Mimi nikajiambia, kabati la vyombo. Mtu wa kula simwoni, labda yuko chumbani. Nikafanya sauti ya mama anayebembeleza: "Kula mwanangu, kula upesi usipoe! Vijiti nimeshakuchomekea, unataka nikutafunie? Mbona huli? Unaringa nini?"

Wanangu, walicheka! Nami nikaongeza. Mama Kilian alicheka kuliko wote, ameshika mbavu, machozi yanamtoka, mara ya kwanza kwa miezi mitatu.

"Somoe! Zima hicho kipaza sauti!"

Sauti ilitoka nyuma ya ukumbi, kwa mtu aliyesimama ukutani. Alikuwa Mwalimu Betrida, aliyefundisha Kiingereza sekondari, amevaa sweta lake la kijani, mkoba kwapani. Hakuwa mtu wa kuja bandani. Akasema polepole, kama anayesoma imla:

"Huyo mtoto amekufa. Hilo si kabati la vyombo, ni la kuwakumbuka wafu. Mama anampelekea marehemu chakula chake."

Mzee Mapunda akajaribu kuokoa jahazi. "Mwalimu, hapa si darasani."

"Ingekuwa darasani ningeanza na wewe uliyeandika karate."

Hapo wengine wakataka kucheka tena, lakini Mama Kilian alikuwa amesimama. Alijifunika kichwa kwa kanga, akapita mbele ya televisheni, picha za mashamba ya chai zikampita mgongoni, akatoka. Baada yake wakatoka wengine, mmoja mmoja; Mwalimu peke yake akabaki ukutani kuitazama filamu mpaka mwisho. Nilibaki na maiki mkononi, nayo ilikuwa nzito kama mchi.

Jioni ile Mzee Mapunda aliniambia atatafuta mtu Njombe, kijana anayejua Kiingereza cha kweli. "Wewe vitumbua vyako ni vizuri sana, Somoe," akasema, na hakuna sifa iliyowahi kuniuma kama ile.

Kesho yake nikaenda kwa Mwalimu. Nilikusudia kumlaumu. Nilipofika nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo Mwalimu," na lawama yote ikapotea. Akanionyesha kitabu kinene, jalada limebanduka. Kilikuwa riwaya, ndiyo iliyozaa ile filamu, ya mwandishi Mjapani, imegeuzwa Kiingereza. Aliachiwa na mtawa mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Alikuwa amekisoma mara tatu, na aliposikia filamu yake iko Mfaranyaki alifurahi mpaka akasahau kufunga mlango wa nyumba.

"Kisha nikakukuta wewe," akasema.

Akanitazama kidogo, akaanza kucheka. "'Unataka nikutafunie!' Somoe, Mungu anisamehe, na mimi nilikaribia kucheka."

Tukakubaliana: kila siku saa kumi nije, anisomee, anieleze. Siku kumi na mbili nilikwenda. Vitumbua niliviuza asubuhi.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye kazi yenu. Lile bakuli la wali lililopita kwenye filamu kabla sijavuta pumzi, kitabuni lina kurasa nne. Unaambiwa yule mama anaushindilia wali vile vile alivyoushindilia siku mwanawe alipoanza shule. Unaambiwa kwao vijiti havisimamishwi hivyo kwenye chakula cha mtu aliye hai, ni mwiko, mtoto akifanya hivyo mezani anachapwa kiganja. Kwenye filamu hakuna anayeeleza. Aliyeitengeneza alikuwa anawaonyesha watu wa kwao, na wa kwao wakiona vijiti vimesimama wanajua kuna msiba. Hakumfikiria Somoe wa Mfaranyaki hata dakika moja. Namlaumu? Simlaumu. Hata sisi tukitengeneza filamu hatutasimamisha picha kueleza kwa nini wanawake wamekaa chini kwenye mikeka na wanaume wako nje. Anayejua anajua.

Na yule mgeni niliyemzomea! Mwalimu alipofika ukurasa ule alilia kwa kucheka. Kumbe katika mji ule wa yule mama, mwenyeji akikuletea wali wa chai, anakwambia kwa heshima kwamba umekaa vya kutosha, nenda kwenu. Yule mzee alielewa, akaaga kiungwana. Dharau ilikuwa yetu sisi.

"Afadhali wao," Mwalimu akasema. "Mama yangu mimi alikuwa anaanza kufagia miguuni kwa mgeni."

"Kwetu Tunduru," nikamwambia, "bibi alikuwa anauliza, 'Hivi kule kwenu mvua imeshanyesha?' Akiuliza mara ya pili, mgeni anatafuta viatu."

Basi nikadhani kitabu ndicho chenye kila kitu na filamu ni picha tu. Siku ya tano nikagundua sivyo. Mwalimu alikuwa anasoma, "Akainama." Ukurasa wa pili, "Akainama." Nikamkatisha.

"Mwalimu, kuinama kupi?"

"Kuinama tu."

"Hapana. Kwenye filamu yule mkwe ana kuinama kwa shingo akimwona mleta barua, kwa kiuno akimwona mama mkwe, na mbele ya lile kabati anaweka paji la uso sakafuni. Hapa ni kupi?"

Mwalimu Betrida akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani, akanitazama kama mwanafunzi aliyemshinda hesabu. Mara tatu amekisoma na siku zote alikuwa anaona kuinama kumoja. Nikasimama pale sebuleni nikamwonyesha aina zote tatu. Naye akasimama. Tukainamiana, wanawake wawili watu wazima, mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna aliyepoteza sindano. Kwetu pia, nikamwambia, goti la shikamoo silo goti la kuomba msamaha, na ukiliandika "akapiga goti" umepoteza nusu.

Na theluji! Mwalimu alifundisha neno hilo miaka na miaka, na kichwani mwake theluji ilikuwa inaanguka kwa kishindo kama mvua ya mawe. Ni filamu iliyomwonyesha kwamba inaanguka bila sauti. Alisema alijisikia kuwaita wanafunzi wake wote warudi.

Tuligombana pia. Yule mgeni alikunywa pombe ya mchele, mimi nilikuwa nimesema ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

"Kwa nini ulanzi?" Mwalimu akauliza.

"Ili watu waelewe."

"Ukiwapa ulanzi umewarudisha Songea, Somoe. Watu wameacha vibanda vyao waende Japani, wewe unawashusha njiani!"

"Na nikitaja jina la huko hawafiki kabisa."

Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana: "pombe yao ya mchele." Maneno manne. Wanaelewa, na wako safarini bado. Nimekaa kwenye kazi hii maisha yangu yote na sijapata njia bora kuliko hiyo. Mkiipata niiteni.

Kitabu kilipokwisha Mwalimu alikwenda kwa Mzee Mapunda, akamwambia Jumapili baada ya misa ya pili filamu ile ionyeshwe tena. Mzee akaguna. Kijana wa Njombe alikuwa ameahidi kuja Jumatatu.

"Wakitoka tena katikati," Mzee akaniambia, "hiyo maiki unaikabidhi mwenyewe."

Nikabaki na safari moja ngumu kuliko zote, ya kwenda kwa Mama Kilian. Alikuwa uani anachambua dagaa. Nikamwomba msamaha hata kabla ya kukaa.

"Sikuondoka kwa kukukasirikia," akasema. "Niliondoka kwa kujionea haya mwenyewe. Mama mwenzangu analisha kaburi, mimi nashika mbavu."

"Ulicheka kwa sababu yangu. Jumapili njoo, nimekisoma kitabu chote."

Akachambua dagaa kama kumi hivi. "Nitakuja," akasema, "kama hutaongea sana."

Jumapili ubaoni kulikuwa na maneno ya Mwalimu mwenyewe, kwa mwandiko wa darasani: MAMA NA MKWE. JAPANI. HAKUNA KARATE. Nilidhani hatapatikana mtu. Walikuja kina mama waliotoka kanisani na vitenge vya kwaya, wakaja majirani zangu wa Tunduru na baibui zao, wakaja hata wale madereva, wakisema wamekuja kuhakikisha.

Nilifungua kinywa kidogo sana siku ile. Mama alipojifunga kamba mabegani nikasema, "Anakunja mikono ya nguo, anataka kupika." Dereva mmoja akasema, "Ahaa!" kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Ulipokuja wali wa chai nikasema, "Kwao hii maana yake, mgeni kwaheri," na banda likapasuka kwa kicheko, kicheko kizuri, maana safari hii tulikuwa tunacheka pamoja na yule mama. Bibi mmoja akasema kwa nguvu, "Lazima nijifunze kuupika huo!"

Kisha akaanza kuushindilia wali. Nikasema, "Mwanawe amefariki. Anampelekea chakula." Nikashusha maiki. Nilikuwa na kurasa nne kichwani, kila neno nalijua, na nikanyamaza. Kwa sababu kwenye kioo mkono wa yule mama ulikuwa unatetemeka, na hicho kitabuni hakimo.

Mzee Mapunda, aliyekuwa mlangoni, hakuwahi kusikia kimya kwenye banda lake. Akaja mbio na koleo, anafuata nyaya, anagonga spika. "Maiki imekufa! Samahani ndugu watazamaji, maiki imekufa!"

"Mzee, kaa chini," Mwalimu Betrida akamwambia. "Kuna msiba hapa."

Akakaa. Alikaa palepale sakafuni na koleo lake mapajani, akavua kofia.

Filamu inakwisha hivi: yule mkwe amefunga mzigo wake, ameaga, anatembea peke yake kwenye theluji kurudi kwa wazazi wake. Njia inapinda, haonekani tena, majina yanaanza kupanda. Nikasema asanteni. Hakuna aliyetoka. Mama Kilian akainuka, akaja mbele, na nikajiandaa kwa lolote. Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Pole," akasema.

Nyuma yake akaja mwingine, "Pole sana, mama." Na mwingine. Wakapanga mstari, na wale madereva wakiwa mkiani, wananipa pole mimi kwa kuwa yule mama alikuwa mbali na hawakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono. Niliitikia, "Tumeshapoa, tumeshapoa," huku nalia na kucheka kwa wakati mmoja. Yule kijana wa Njombe, niwaambie hapa hapa, aliandikiwa asije.

Mama Kilian hakuwa amemaliza. Alibaki amesimama mbele ya televisheni yenye majina yanayopanda, akageuka.

"Na yule mkwe? Alifika kwao?"

"Filamu imekwisha, Mama Kilian," Mzee Mapunda akasema.

"Sikuulizi wewe."

Nikamtazama Mwalimu Betrida. Kitabuni kulikuwa na sura mbili zaidi ambazo filamu iliziacha. Mwalimu akafungua mkoba, akatoa kitabu, na watu walipokiona wakarudi kukaa, mabenchi yakalia yote kwa pamoja. Mzee Mapunda akazima televisheni. Mwalimu akasoma Kiingereza kwa sauti ya chini, sentensi moja moja, nami nikasema Kiswahili bila maiki: alivyolala kwa watu njiani, alivyopoteza kiatu kimoja kwenye theluji, alivyoliona paa la kwao halina moshi akaogopa, alivyosimama nje muda mrefu bila kubisha hodi.

"Nani alimfungulia?" Mama Kilian akauliza. Alikuwa amesogea mpaka magoti yake yanagusa yangu.

Nikasubiri Mwalimu apindue ukurasa.

"Mama yake," nikasema.

Wanawake wakapiga vigelegele, madereva wakapiga mabenchi, na Mwalimu ikabidi ashushe kitabu asubiri, maana hakuna aliyekuwa anasikia kitu.